Ua na Chakula: Mahitaji ya Ua la Usambara na ya Mahindi

Katika Mwanzo mlango wa 2 twasoma habari za bustani ya kwanza. Humo Mungu aliotesha miti mizuri kuitazama, na tena miti ya kumlisha mtu. Hakuotesha ya chakula peke yake. Kisha akamweka mtu humo, akampa kazi mbili: kulima na kutunza. Mwezi huu twataka kuitazama mimea miwili, mmoja wa kupendeza macho na mmoja wa kushibisha, tujue kila mmoja wahitaji nini, na jinsi kazi hizo mbili zitupasavyo sisi.

Mmea wa kwanza ni ua dogo la rangi ya zambarau, lenye majani manene yenye manyoya, liotalo katika misitu ya Usambara na katika milima mingine michache ya Tanzania na Kenya. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika nchi ya Tanga, alimpelekea baba yake ua hili huko Ulaya. Mwaka 1893 Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen katika mji wa Hannover, aliliita Saintpaulia kwa heshima ya jamaa hiyo. Tangu hapo limeenea duniani, na leo limo madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani.

Mmea wa pili ni mhindi wa shambani. Na hapa pana ajabu: ua ndilo mwenyeji, na chakula ndicho mgeni. Mahindi yalianza kulimwa katika nchi ya Meksiko maelfu ya miaka iliyopita, yakafika Afrika kwa merikebu za Wareno baada ya mwaka 1500.

1. Nuru. Mhindi hutaka jua kamili tangu asubuhi hata jioni. Ukipandwa chini ya mwembe hurefuka na kuwa mwembamba, na gunzi lake huwa dogo. Lakini jua lile lile likiliangukia ua letu saa ya mchana, majani huungua. Ua hutaka nuru isiyo kali, kama ile ipitayo kati ya matawi ya msitu. Nyumbani liwekwe barazani, au karibu na dirisha lipatalo jua la asubuhi tu. Wala lisifichwe gizani, kwa kuwa gizani halichanui.

2. Maji. Mhindi huhitaji mvua ya milimita 500 hadi 800 tangu kupandwa hata kukomaa, na hasa wakati wa kutoa mbelewele na nywele. Kila unywele wa gunzi ni wa punje moja. Usipopata unga wa mbelewele, punje yake haitokei. Kwa hiyo ukame ukija siku zile, twavuna magunzi yenye mapengo. Ua, kwa upande wake, hutaka maji kidogo kidogo, udongo wa juu uanzapo kukauka. Maji ya baridi yakidondoka juu ya majani huacha madoa, na yakituama chunguni mizizi huoza. Kwa hiyo chungu kiwe na tundu chini. Maua mengi ya namna hii yameuawa na wema wa mwenyewe, aliyeyanywesha kila siku kama mboga.

3. Udongo na mbolea. Mizizi ya mhindi huweza kushuka zaidi ya mita 1, nao ni mlaji mkubwa. Majani yake ya chini yakigeuka manjano kuanzia nchani, ni dalili ya njaa. Tumpe samadi iliyooza vizuri. Ua lina mizizi mifupi, maana kwao huota penye udongo haba, juu ya miamba yenye unyevu na kuvumwani. Latosheka na chungu kidogo chenye majani yaliyooza yaliyochanganywa na mchanga. Samadi mbichi iufurahishayo uvivu wetu huiunguza mizizi yake.

4. Kupanda. Punje za mahindi zipandwe katika kina cha sentimita 5, mstari hata mstari sentimita 75, na mche hata mche sentimita 30. Tusipande mstari mmoja mrefu, bali mistari kadhaa ubavu kwa ubavu, kwa kuwa upepo ndio uchukuao unga wa mbelewele. Tupalilie mapema, maana majuma ya kwanza ndiyo ya hatari. Ua huzaliwa hata kwa jani moja: jani na kikonyo chake vikichomekwa katika udongo wenye mchanga na unyevu, baada ya miezi 2 hivi vimche hutokea. Mhindi huishi miezi 3 hadi 5, ukaliwa, ukaisha. Ua likitunzwa huishi miaka mingi.

Sasa twafika penye neno zito. Jua ambalo mhindi walihitaji hupatikana kwa kukata miti. Na kivuli ambacho ua lakihitaji kimo chini ya miti ile ile. Basi mkulima akipanua shamba mlimani, ua halina pa kukimbilia. Ndiyo maana aina kadha wa kadha za ua hili zimo katika hatari ya kutoweka huko kwao, ingawa watu wa mbali walipanda kwa furaha.

Mtu atasema, "Ua haliliwi, na watoto wangu wana njaa." Hatumlaumu, mtoto hashibi kwa rangi ya zambarau. Lakini na aangalie ua lakaa wapi: ni penye miti, miamba yenye unyevu, na vijito. Mto Zigi hutoka katika milima ya Usambara Mashariki, na mji wa Tanga hunywa maji yake. Miti ya mteremkoni ikiisha, mvua huipiga ardhi tupu na kuchukua udongo wa juu, ule ule ulishao mhindi. Kumbe aliyeliondolea ua kivuli amelipunguzia na shamba lake chakula.

Basi tufanyeje? Kwanza, tulilishe shamba la zamani kwa samadi, tuchanganye maharagwe na mahindi, na mteremkoni tulime kwa matuta ya kukingama, ili tuvune zaidi pasipo kufyeka upya. Pili, tuache miti isimame penye chemchemi na kandokando ya vijito. Tatu, apendaye ua asiling'oe msituni. Na aombe jani moja kwa jirani aliye nalo chunguni.

Kulima bila kutunza humaliza shamba. Kutunza bila kulima huacha sufuria tupu. Bwana alitupa kazi zote mbili siku moja, wala hakuturuhusu kuchagua.

Maswali ya kujifunza pamoja:
1. Katika usharika wetu ni chemchemi ipi iliyopungua maji, na juu yake palikuwa na nini zamani?
2. Ni shamba lipi la zamani ambalo tungeweza kulilisha badala ya kufyeka jipya?
3. Someni Mathayo 6, mstari wa 28 na 29. Kwa nini Bwana wetu, aliyewalisha wenye njaa, aliwaambia pia wayatazame maua?