Kinu cha Pamba cha New Lanark

Likizo iliyopita nilipata kibarua katika kinu kimoja cha kuchambulia pamba. Majuma matatu nilikohoa vumbi. Hapakuwa na benchi hata moja. Chakula tulikila juani tumechuchumaa. Nyapara alinung'unika kwamba watu hutoroka, kila juma afundisha wapya. Neno hilo halikunitoka, nami niliporudi shuleni nikasoma habari za Robert Owen.

Bwana huyu alizaliwa Wales mwaka 1771. Januari 1800 alishika usimamizi wa viwanda vya kusokota nyuzi za pamba huko New Lanark, Uskochi, vilivyoendeshwa kwa maji ya mto Clyde. Alikuta humo watoto wapata 500 waliotolewa katika nyumba za maskini. Hakuchukua wengine wa namna hiyo, tena alikataza mtoto wa chini ya miaka 10 asitiwe kazini. Fimbo aliiondoa. Mahali pake kila mtu alitundikiwa kibao chenye rangi nne, nyeupe kwa kazi njema sana, nyeusi kwa kazi mbaya. (Mimi nisingekipenda kibao hicho, lakini chapita fimbo.)

Watu hawakumwamini, wala sioni ajabu, maana alikuwa mgeni. Ndipo Marekani ikazuia merikebu zake zisipeleke bidhaa nje, bei ya pamba ikapanda mno. Matajiri wengine wakawaachisha watu kazi. Owen naye alisimamisha mitambo miezi 4, lakini aliwalipa watu mshahara kamili kwa kuisafisha na kuitunza tu. Fedha zilizotoka zilipita pauni 7,000. Tangu hapo mioyo yao ilimgeukia.

Washirika wake, hata hivyo, walihesabu faida ya mwaka ule ule, wakachoshwa na gharama za shule na nyumba. Mwaka 1813 viwanda vikapigwa mnada. Owen akavinunua kwa pauni 114,100 pamoja na washirika wapya, akiwamo Jeremy Bentham, waliokubali kutosheka na faida ya 5 kwa mia. Mwaka 1816 shule kubwa ikafunguliwa, na saa za kazi zikashushwa hata 10 na robo tatu kwa siku. Kwetu ni nyingi, lakini penginepo watu walifanya 13 au 14. Owen aliwauliza wenye viwanda: ninyi mwapaka mitambo mafuta na kuifuta kila siku, mbona mtambo ulio hai hamwutazami? Viwanda vile vilisokota nyuzi mpaka mwaka 1968.

Nilimwandikia haya kaka yangu, aliyesoma hapa zamani na sasa ni karani wa kinu. Alijibu kwamba benchi na kibanda cha kulia ni kazi ya seremala ya siku mbili. Ila hakuna aliyepata kumwomba bwana mkubwa. Ameahidi kumwomba kabla ya msimu wa pamba.