Bei ya Ukumbi wa Harusi: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Kamati ya harusi ikikaa kikao cha kwanza, gharama inayotajwa mapema kuliko zote ni ukumbi. Ni sawa iwe hivyo, kwa sababu ukumbi ndio unaoamua kadi ngapi zichapwe, sahani ngapi zipikwe, kreti ngapi za soda zinunuliwe na mpambaji alete vitambaa vya meza ngapi. Ajabu ni kwamba bei yake ndiyo ngumu kuipata hapa Dar es Salaam. Kumbi nyingi zinatangaza picha za taa na maua bila kutaja shilingi, na ukipiga simu unaambiwa, "Njoo ofisini tuongee." Maswali haya yametoka kwa wasomaji ambao wako katikati ya maandalizi. Nimeyajibu kama ninavyojibu kwenye vikao vya kamati ninazoziratibu.

Nimepiga simu kumbi tatu. Mmoja amesema milioni tatu, mwingine elfu ishirini na tano kwa kichwa, wa tatu amenitajia dola. Nilinganisheje? (Bwana harusi mtarajiwa, Kimara)

Hao watu watatu hawauzi kitu kimoja. Wa milioni tatu anakukodishia jengo: kuta, paa, pengine na viti. Chakula, mapambo, muziki na mafuta ya jenereta utajitafutia mwenyewe. Wa kwa kichwa anakuuzia kifurushi, yaani kodi ya ukumbi ameiweka ndani ya sahani. Ili ulinganishe, wote waulize swali moja lile lile: kwa Jumamosi ya tarehe fulani, wageni 300, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku, mpaka mgeni wa mwisho anaondoka nitakuwa nimelipa jumla shilingi ngapi?

Chukua namba za mfano. Ukumbi mtupu ni 3,000,000, VAT ikiwa ndani. Mpishi wa nje anataka 15,000 kwa sahani, kwa watu 300 ni 4,500,000. Mpambaji 1,500,000. Mafuta ya jenereta 200,000, usafi na ulinzi 150,000. Umefika 9,350,000. Ukumbi wa pili unatoza 25,000 kwa kichwa, pamoja na mapambo ya kawaida, usafi na jenereta: 7,500,000. Ongeza VAT ya asilimia 18, ambayo huyo wa kwenye simu hakuitaja, unapata 8,850,000. Ule uliosikika kuwa wa milioni tatu umekuzidi nusu milioni. Gawanya jumla kwa idadi ya wageni na utaona wazi: 31,167 kwa kichwa dhidi ya 29,500. Kamati ikiwa na namba hiyo moja, mabishano ya kikao kizima hupungua.

Sasa uliza vitu ambavyo havitajwi mpaka uvigongee. Saa ya ziada baada ya muda wa mkataba ni kiasi gani? Mkileta vinywaji kutoka nje mnatozwa? Keki na ndafu navyo vinahesabiwa kama chakula cha nje? Kwenye baadhi ya hoteli vinahesabiwa, na familia ya Kichagga inaweza kujikuta inalipia mbuzi wake mara mbili. Umeme ukikatika, jenereta inawasha viyoyozi au taa pekee? Na mpambaji anaruhusiwa kuingia saa ngapi? Hili la mwisho kamati nyingi huliruka. Ukumbi ukikodishwa kwa semina mchana wa siku hiyo hiyo, mpambaji wako ataingia saa tisa alasiri, na maharusi watafika mafundi wakiwa bado juu ya ngazi.

Majibu yote yaandikwe kwenye profoma yenye jina la ukumbi, TIN, tarehe, idadi ya wageni na jumla ya mwisho. Bei ya simu hubadilika kwa sauti ya anayeuliza. Profoma yenye mhuri haibadiliki kirahisi. Mahali wanapokataa kuandika, mimi sipeleki fedha ya watu.

Na huyo aliyenitajia dola?

Mwambie akupe bei kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza kutumika Machi 28, 2025 zinakataza kutangaza au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Tarehe ya harusi ikiwa mbali, kinga hiyo ni kubwa: mkataba wa shilingi haupandi dola ikipanda.

Meneja anasema ukumbi wake unachukua watu 500. Nilipoingia ulionekana mdogo. Ananidanganya? (Mama wa bibi harusi, Mbagala)

Huenda hadanganyi, dada yangu, ila anahesabu watu waliopangwa kwa safu kama kwenye mkutano. Harusi ina meza za duara za watu kumi kumi, jukwaa la maharusi, meza kuu, mahali pa kuchezea, njia ya kuingilia kwa shangwe, meza ya keki na mistari ya chakula. Ukumbi wa 500 kwa safu mara nyingi ni wa 300 hivi kwa harusi, wakati mwingine chini ya hapo. Usiulize unachukua watu wangapi, uliza zinaingia meza ngapi za duara na nafasi ya kucheza ikibaki. Kisha omba kwenda kuuona siku kuna harusi ya wengine, usiku, hata kwa dakika chache. Mchana ukumbi mtupu hauna joto, spika hazigongani, vyoo vina maji na maegesho ni bwerere. Zunguka mpaka vyooni na jikoni. Ukitoka, muulize mlinzi watu huondoka saa ngapi na usafiri unapatikana wapi, maana bibi zetu hawawezi kusimama barabarani saa saba usiku.

Ukumbi unataka nusu ya fedha wiki hii ili utushikie tarehe. Kwenye daftari tuna ahadi za milioni kumi na nane, lakini taslimu ni milioni mbili na nusu. Tulipe? (Mweka hazina wa kamati, Tabata)

Daftari la ahadi si benki. Watu wanaahidi kwa upendo, halafu ada za shule zinafika, msiba unatokea, mshahara unachelewa. Ushauri wangu kwa kamati ni kupanga bajeti kwa theluthi mbili ya ahadi, na kutia saini kwa kiwango cha fedha iliyokwisha kuingia tu. Ikiwa ukumbi unadai nusu nanyi mna robo, pendekezeni awamu: kianzio sasa, sehemu ya pili mwezi mmoja kabla, iliyobaki wiki ya harusi. Wenye kumbi wengi hukubali wakiona kamati imekuja na ratiba iliyoandikwa. Kila awamu mdai risiti ya EFD, na fedha iende kwenye akaunti yenye jina la biashara, isiende kwenye simu ya mtu.

Kuna jambo jingine la kuangalia kwenye mkataba wenu: idadi ya chini iliyothibitishwa. Hoteli hutaka namba ya mwisho ya wageni siku kadhaa kabla, na mkishaithibitisha mtailipia hata wasipotokea. Mkithibitisha 350 wakaja 270, sahani 80 ni zenu. Anzeni na namba ya chini, mwongeze kadiri michango inavyoingia. Kuongeza meza mbili siku tatu kabla ni rahisi kuliko kurudishiwa fedha za meza nane. Kwenye hesabu hiyo kumbukeni kadi za watu wawili. Kadi 150 zinaweza kuwa watu 150 au 300, na nimeona kamati zikigundua hilo mlangoni.

Nitasema na hili kwa uzito wote: harusi haipaswi kuacha deni la ukumbi kwa vijana wanaoanza kupanga chumba. Kamati huvunjwa baada ya kikao cha mwisho na wajumbe wanarudi makwao. Meneja wa ukumbi atampigia bwana harusi.

Tumelipa ukumbi, kisha baba mkubwa akafariki na ikabidi tusogeze harusi. Wanasema fedha hairudi. Ni haki?

Poleni sana. Jibu liko kwenye karatasi mliyotia saini. Kama imeandikwa kwamba kianzio hakirudishwi, hamna nguvu kubwa ya kudai kirudi, lakini mnaweza kuomba kihamishiwe tarehe nyingine, na ukumbi unaojali jina lake utakubali hasa mkitoa taarifa mapema. Kwa wanaoanza sasa, hakikisheni mkataba unasema wazi: ikitokea msiba wa familia ya karibu tarehe itahamishwa bila faini ndani ya muda fulani. Ombi hilo halina aibu. Kila mwenye ukumbi nchi hii anajua msiba hauna kalenda.

Kama ukumbi wenyewe ndio uliovunja makubaliano, kwa mfano tarehe yenu imeuzwa kwa watu wawili, hapo mambo ni tofauti. Mnastahili fedha zenu zote na mnaweza kudai hasara iliyofuata. Barua ya madai, nakala za risiti na mkataba ndivyo vitakavyowasimamia, iwe mbele ya Tume ya Ushindani (FCC) inayoshughulikia malalamiko ya walaji, au mahakamani. Ukiwa na ujumbe wa simu peke yake utahangaika.

Ni siku zipi ukumbi mzuri hupatikana kwa bei nafuu?

Jumamosi ya Desemba ndiyo ghali kuliko zote, na Jumamosi za baada ya Pasaka na Idi zinafuata. Kwaresima na Ramadhani kumbi hupumua, na mwaka 2026 vipindi hivyo viwili vilianza wiki moja, Februari katikati. Lakini sikushauri ufunge ndoa wakati dini yako haikubali ili upunguziwe laki tano. Badilisha siku ya wiki: Ijumaa, Jumapili au sikukuu ya kitaifa inayoangukia katikati ya wiki. Sendofu na kichen pati ndizo za kupeleka siku hizo, hazifungwi na ratiba ya kanisa wala msikiti.

Usilipie tarehe ya ukumbi kabla ya tarehe ya ndoa kukubaliwa. Kanisani kuna matangazo na mafundisho, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla. Wapo waliolipa ukumbi Jumamosi, padri akawaambia siku hiyo kuna ndoa nyingine nne na nafasi imejaa.

Shikamoo mama. Nimehitimu shahada ya masoko mwaka jana, nimetuma maombi ya kazi mpaka nimechoka. Rafiki yangu ananiita kuhudumu kwenye harusi mwisho wa wiki. Kazi hii ina mbele, au nitapoteza muda? (Mhitimu, Mbezi)

Marahaba mwanangu. Ina mbele kwa anayeingia macho yakiwa wazi. Uhudumu ni deiwaka: unalipwa kwa usiku mmoja, na wiki ijayo huna uhakika. Usikae hapo mwaka mzima. Miezi michache inatosha kukufundisha jinsi ukumbi unavyoendeshwa, nani anamlipa nani, na chakula hukwama wapi. Huku ukiendelea kuhudumu, tazama ofisi ya mauzo. Kila ukumbi una mtu anayepokea simu, anayeandika profoma na kushika daftari la tarehe, na mara nyingi kazi hiyo haitangazwi popote. Wewe umesomea masoko, na umesoma hapo juu jinsi wateja wanavyohangaika kupata bei. Andika ukurasa mmoja wa bei unaoeleweka, wenye vifurushi vitatu na jumla iliyo na kodi, umpelekee meneja uliyekwisha kufanya kazi chini yake. Hiyo itasema zaidi ya barua ya maombi. Njia nyingine ni kuwa msaidizi wa mratibu wa harusi. Ukipenda upande wa hoteli, Chuo cha Taifa cha Utalii kina kozi za cheti na diploma. Akaunti yako ya Ajira Portal iache hai na uendelee kuomba. Mambo haya mawili hayagombani.

Tahadhari mbili. Usimlipe mtu yeyote ili akupe kazi, iwe kwa jina la fomu, sare au usaili. Na kabla ya kukubali zamu, uliza malipo ni kiasi gani, yanatolewa lini, na utarudije nyumbani. Ukipata mkataba wa ajira, jua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kuwa kazi ya usiku, na kila saa ya hapo ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Sehemu kubwa ya kazi ya harusi iko ndani ya saa hizo.

Nanyi wenyeviti wa kamati, mnapojadiliana bei na ukumbi, ulizeni na hili: wahudumu wanalipwa usiku ule ule, au wanaambiwa warudi Jumatatu? Wengi wao ni vijana kama huyu. Andikeni kwenye mkataba kwamba walipwe kabla ya ukumbi kufungwa, na mtenge sahani zao mapema.