Mvua za Usiku Ziwani

Kirumba ni mtaa wa mji wa Mwanza, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Nchi hiyo i karibu na ikweta, lakini joto lake si kali kama la Dar es Salaam, kwa kuwa ziwa lenyewe limeinuka mita 1,134 hivi juu ya bahari.

Misimu ya mvua ni miwili: vuli, tangu Oktoba hata Desemba, na masika, tangu Machi hata Mei. Januari na Februari mvua hupungua tu. Kiangazi hasa ni Juni, Julai na Agosti. Jumla ya mwaka ni milimita 1,000 hivi. Lakini Bukoba, ng'ambo ya magharibi, hupata karibu mara mbili ya hizo. Ziwa ni moja. Mbona mvua si sawa?

Sababu ni pepo. Mchana jua huipasha moto nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa ya ziwani huja kushika mahali pake. Ndio upepo unaowaburudisha watu wa Kirumba alasiri. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, maji hubaki na uvuguvugu wake, na pepo hutoka pande zote kwenda ziwani. Zikikutana huko hazina njia ila kupanda juu, zikichukua mvuke mwingi; ndipo mawingu hujengeka na radi hupiga. Kisha pepo za mashariki huyasukuma mawingu hayo mpaka Bukoba, ambako mvua huwaamsha watu alfajiri.

Dagaa nao huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, maana hufuata mwanga. Basi saa ambazo mitumbwi iko mbali na pwani ndizo saa za tufani, na wavuvi wengi wamekufa maji. Mvuvi aonapo umeme ukikaribia yampasa kuchagua: kurudi mikono mitupu, hali amekwisha kununua mafuta, au kungoja kidogo. Huko kungoja kidogo ndiko kunakoua. Hata dagaa waliofika salama, mvua ikiwanyea kabla hawajakauka, huharibika, wakauzwa kwa bei ndogo kuwa chakula cha kuku.

Hata hivyo mvua hizo ndizo zinazolijaza ziwa, kuliko mito yote. Mvua zilipozidi, tangu mwisho wa 1961 hata 1964, maji yalipanda zaidi ya mita 2. Mei 2020 yalipita hata alama ya 1964, yakaingia katika nyumba na mashamba ya pwani.