"His" na "Her": Mali ni ya Nani?



Sisi wa Kasulu na Kibondo, tusemao Kiha na Kiswahili, hukosea sana "his" na "her", kwa kuwa lugha zetu hazitengi mwanamume na mwanamke. Kiswahili hufuata kitu: baiskeli yake, kitabu chake, jembe lake. Kiingereza hufuata mwenye kitu: mwanamume "his", mwanamke "her".

Kosa huzidi ndani ya kishazi tegemezi. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika: "Neema told her father that his bicycle was lost." Mwalimu akaniuliza, "Baiskeli ya nani?"

Nikajibu, "Ya Neema."

"Basi umemnyang'anya, ukampa baba yake!"

Neno "father", lililo karibu, ndilo lililonipoteza. Ilinipasa kuandika "her bicycle". Katika barua ya deni au ushahidi, kosa hilo laweza kumkosesha mtu haki yake.

Kwa hiyo, baada ya "that", "when" au "because", jiulize kwanza: mwenye mali ni nani?

Haya, jaribuni: "Juma alimwambia mama yake kwamba jembe lake limevunjika." Kiingereza chake ni namna mbili. Andikeni zote, mkaeleze jembe ni la nani.