Kabla ya Saruji, Utazame Udongo



Wengi wenu mmetuuliza habari za kujenga sakafu za kuanikia karafuu badala ya kutumia majamvi. Shauri hili ni jema, nasi twaliunga mkono. Lakini kabla hamjanunua mfuko mmoja wa saruji, yafaa tuwaeleze yaliyotupata sisi wenyewe.

Sakafu yetu ya kwanza tuliijenga hapa Pemba, kwenye mteremko. Tulichimba upande wa juu, na udongo tuliouchimba tukaumwaga upande wa chini mpaka pakawa sawasawa. Zege tukalimwaga juu yake siku zile zile. Masika ya kwanza hayajesha, ufa ukapita katikati ya sakafu toka mwanzo hadi mwisho. Vuli ilipofika, maji yakatuama upande uliobonyea, na karafuu zikafanya ukungu. Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tuliuziba kwa saruji. Masika ya pili ukafunguka tena.

Wako waliomlaumu fundi kuwa ameiba saruji. Fundi hakuiba. Ufa ulipita pale pale udongo wa asili ulipokutana na kifusi. Nusu ya sakafu ilikaa juu ya ardhi iliyotulia, na nusu juu ya udongo mlegevu ulioshuka ulipolowa. Basi mambo ya kushika ni haya.

Kwanza, ujue udongo wako. Chimba shimo la futi 3 au 4, uchukue udongo wa chini, uuloweshe kidogo, kisha uuviringishe kwa viganja mpaka uwe mwembamba kama kalamu. Ukipindika bila kukatika, hicho ni kinamo: hufura masika na hupasuka wakati wa kiangazi, na sakafu hupasuka pamoja nacho. Kiondoe futi 1 au 2, ujaze udongo wenye changarawe. Ukimomonyoka mkononi, hicho ni kichanga: hakifuri, lakini maji hukichukua upesi.

Pili, ondoa udongo mweusi wa juu wenye mizizi na majani, maana mizizi huoza na mahali pake hubonyea. Usiutupe, upeleke kwenye miche. Wala usichimbe karibu na mkarafuu, kwani mizizi yake mingi i karibu na uso wa ardhi.

Tatu, usimwage kifusi juu ya mteremko mtupu, kitateleza. Chonga ngazi kwanza, ndipo ujaze kwa matabaka ya inchi 6. Kila tabaka liloweshwe kidogo na kushindiliwa kwa gogo zito kabla ya kuongeza jingine. Ukingo wa kifusi usisimame wima: kwa kila futi 1 ya kimo, uende mbele futi 2. Upande mchaichai, mizizi yake iushike udongo.

Nne, maji. Upande wa juu chimba mtaro wa kuyapokea maji ya kilima na kuyapeleka pembeni, yasipite kwenye kifusi wala yasimharibie jirani. Sakafu yenyewe iteremke inchi 1 kwa kila futi 8, mvua isituame. Pima kwa mpira wa maji, jicho hudanganya.

Tano, wakati. Chimba na ujaze wakati wa kaskazi. Yaache masika yapite juu ya kifusi, na palipobonyea upashindilie na kupajaza tena. Zege limwagwe mwezi wa Juni, lifunikwe na kuloweshwa siku 7, nalo litakuwa limekomaa kabla ya mchumo mkubwa.

Sisi tulivunja nusu ya chini, tukachonga ngazi, tukashindilia, tukangoja masika, ndipo tukamwaga zege upya. Sakafu hiyo haijafanya ufa tena. Lakini saruji ya nusu ile tuliinunua mara mbili, na karafuu zilizooza hazikurudi. Jembe na gogo la kushindilia vilitugharimu jasho tu, navyo ndivyo tulivyostahili kuanza navyo.

Mwanachama anayetaka kupimiwa mteremko wake na atuite mapema, kabla hajachimba.