John Wayne: Anzia Hapa, Ruka Pale

John Wayne aliigiza kwenye filamu zaidi ya 150. Ukisema uzione zote, utachoka kabla hujazifikia zile nzuri. Una kazi, una familia, na bando halikai. Chukua nane tu, uzitazame kwa mpangilio, moja kila wiki. Mpangilio una maana kuliko wingi, kwa sababu mtu huyu alizeeka mbele ya kamera na uzee wenyewe ndio hadithi.

Kwanza, weka pembeni lile wazo la stelingi asiyekufa. Wengi wanamjua kwa sura moja: jitu refu juu ya farasi, bunduki mkononi, adui wote chini. Sura hiyo imejaa kwenye filamu zake za kawaida. Kwenye zile bora anakosea, anapoteza mwanamke aliyempenda, anakuwa mkatili kwa watoto wake, anabaki peke yake. Hizo ndizo za kutafuta.

Ruka karibu miaka yote ya 1930. Alizaliwa mwaka 1907 huko Winterset, Iowa, akaitwa Marion Robert Morrison. Akakulia California, akaanza kazi kwenye studio ya Fox akibeba vifaa vya seti. Mwaka 1930 mwongozaji Raoul Walsh akampa nafasi yake kubwa ya kwanza, The Big Trail. Ilipigwa kwa mkanda mpana wa milimita 70. Uchumi ulikuwa umeporomoka, na kumbi nyingi hazikuwa na mashine ya kuuonyesha mkanda huo. Filamu ikaanguka, naye akaanguka nayo. Karibu miaka tisa iliyofuata aliimaliza kwenye picha za kauboi za bei rahisi, zilizotengenezwa haraka haraka.

Ukikuta diski moja yenye filamu zake 20 kwa bei ya chee, ujue ni hizo. Nyingi haki miliki yake ilishakwisha Marekani, kwa hiyo kila mtu anazidurufu, na picha inatoka imefifia. Acha dukani.

Ila kuna jina moja la miaka hiyo ulikariri: Yakima Canutt. Alikuwa bingwa wa rodeo aliyegeuka kuwa mtaalamu wa kuanguka na farasi kwa niaba ya mastaa. Yeye ndiye aliyemfundisha Wayne kukaa kwenye farasi kama mtu wa kazi, kuanguka bila kuvunjika, na kurusha ngumi inayoonekana imetua wakati imepita hewani. Ufundi huo utauona hadi filamu ya mwisho.

Wiki ya kwanza, tazama Stagecoach ya 1939. Ni fupi, dakika 96, na ni ya nyeusi na nyeupe. Usikubali nakala iliyopakwa rangi baadaye kwa kompyuta. Abiria wasiopatana wamebanana ndani ya gari la farasi, wanavuka nchi ya Waapache. Mlio wa bunduki unasikika, gari linasimama. Hapo kaa macho. Wayne amesimama njiani, tandiko mkono mmoja, mkono mwingine anaizungusha bunduki. Kamera inamkimbilia hadi usoni, na katikati ya mbio hizo picha inapoteza ukali kidogo, kisha inamshika: vumbi, jasho, macho. Rudisha nyuma uione tena. John Ford, mwongozaji, alikuwa anawaambia watu wamwangalie huyu kijana. Kijana mwenyewe alikuwa na miaka 31 na filamu chungu nzima ambazo hakuna aliyezikumbuka.

Usiondoke kabla ya ile fukuzano. Yule anayerukia farasi wa gari, akaanguka katikati yao na gari likampita juu, ni Canutt.

Sasa fanya zoezi hili, halichukui muda. Chagua tukio lolote ambalo Wayne anaingia chumbani. Zima sauti kwa dakika mbili. Angalia anavyotembea, anavyoegemea nguzo, anavyosubiri kabla ya kugeuza kichwa. Mtu wa karibu mita 1.93 angeweza kuwa mzito kama gogo, lakini yeye anateleza. Kisha rudisha sauti usikilize anavyoikata sentensi katikati, anatulia, anaimalizia. Ukishalizoea hilo utaacha kudai kwamba hajui kuigiza.

Wiki ya pili ni Red River, ya 1948, iliyoongozwa na Howard Hawks. Wayne anaigiza mtu mzima mwenye mvi, Tom Dunson, anayeswaga maelfu ya ng'ombe kutoka Texas kwenda kuuza kaskazini. Hakuwa amefika hata miaka 40 ilipopigwa. Njiani anageuka dikteta, na kijana aliyemlea, anayeigizwa na Montgomery Clift, anampindua. Kama kwenu mnafuga, utaielewa haraka. Kuna usiku mwizi mmoja wa sukari anaangusha masufuria, na kundi zima linakurupuka. Tazama uso wa Dunson baada ya hapo. Mwisho wa filamu ni mwepesi mno kwa uzito wa yaliyotangulia, lakini usiikose kwa sababu hiyo.

Wiki ya tatu ni The Searchers, ya 1956. Hii itazame kwenye skrini kubwa. Simu haitoshi, kwa sababu Ford aliipiga Monument Valley, mpakani mwa Arizona na Utah, na yale majabali mekundu yana kazi yake kwenye hadithi. Zima taa, na simu iweke mbali.

Robo saa ya kwanza usisinzie. Mwaka ni 1868, Texas. Ethan Edwards anarudi nyumbani kwa kaka yake baada ya vita. Hakuna anayesema kwamba Ethan na shemeji yake Martha walipendana. Lakini mwangalie Martha akienda kuleta koti la Ethan: analipapasa polepole kama mtu anayemuaga mpendwa wake. Sebuleni kasisi anakunywa kahawa. Ameona. Anakaza macho mbele, anatafuna, anajifanya hajaona. Ethan anakuja, anambusu Martha kwenye paji la uso, anaondoka. Hakuna neno hata moja, na tayari unajua kwa nini mtu huyu hana pa kukaa duniani.

Kisha Wacomanche wanaivamia nyumba hiyo, na mtoto Debbie anachukuliwa. Ethan anamsaka miaka mingi. Taratibu unagundua kwamba anamsaka ili amuue, kwa sababu machoni pake binti aliyelelewa na Wacomanche si ndugu tena. Wayne haombi huruma yako hata kidogo. Anakuonyesha chuki ya rangi ikimla mtu mzima, na anakuacha uamue. Kwangu mimi hakuna kazi yake inayoizidi hii.

Ukifika mwisho, linganisha mlango wa kwanza na mlango wa mwisho. Na uangalie mkono wake: anaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Ndivyo alivyozoea kusimama Harry Carey, nyota wa kauboi wa zamani aliyefariki mwaka 1947. Mjane wake, Olive Carey, yumo kwenye filamu hiyo hiyo. Ile ilikuwa salamu kwake.

Kabla hujawaonyesha watoto filamu hizi, zungumza nao. Usisubiri waulize. Wenyeji wa Marekani wanaonyeshwa mara nyingi kama kundi la vitisho lisilo na majina. Kwenye The Searchers kiongozi wa Wacomanche aliigizwa na Henry Brandon, mzungu mzaliwa wa Ujerumani, na Wacomanche wengine walikuwa Wanavajo, wenye ardhi ile ile ya Monument Valley. Waambie hivyo kabla taa haijazimwa.

Waambie pia kuhusu Wayne mwenyewe. Mwaka 1971, kwenye mahojiano na jarida la Playboy, alitetea ukuu wa watu weupe hadi hapo, kwa maneno yake, weusi watakapoelimika vya kutosha. Alitumia umaarufu wake kuunga mkono vita vya Vietnam kwenye The Green Berets ya 1968, wakati yeye Vita vya Pili vya Dunia hakwenda. Maneno yale yanaumiza, na ni haki yako kuyakasirikia. Mimi bado natazama filamu zake, kwa sababu zile bora zinasema mengi zaidi ya aliyoamini mtu mwenyewe. Ukiamua kutotazama, uamuzi huo nao una sababu zake.

Ushahidi kwamba filamu zake bora zinasema zaidi ya aliyoamini uko wiki ya nne: The Man Who Shot Liberty Valance, ya 1962, nyeusi na nyeupe. Kuna darasa. Mwalimu ni mwanasheria anayeigizwa na James Stewart. Pompey, anayeigizwa na Woody Strode, mwigizaji mweusi mwenye utulivu wa ajabu, anasimama kukariri Azimio la Uhuru wa Marekani. Anakwama hasa pale panaposema watu wote wameumbwa sawa. Nyuma yake ukutani ipo picha ya Lincoln. Mwalimu anamfariji kwamba wengi husahau pale. Punde Wayne anaingia na kumwamuru Pompey arudi kazini. Simamisha hapo kidogo, mzungumze. Halafu endelea, maana sehemu iliyobaki ni ya mtu anayefanya jambo kubwa na kumwachia mwingine sifa, mwanamke na maisha yote.

Wiki ya tano pumzika na Rio Bravo, ya 1959. Hii ni ya siku umerudi nyumbani hoi. Dakika za mwanzo karibu hakuna anayesema kitu: mlevi anayeigizwa na Dean Martin anataka pombe, mtu anamtupia sarafu ndani ya chombo cha kutemea mate, naye anainama kuichukua. Mguu unakipiga teke kile chombo. Inua macho: Wayne. Baada ya hapo angalia anavyowaachia wenzake nafasi. Staa mkubwa kuliko wote anakaa pembeni, anawasikiliza wengine wakiimba.

Wiki ya sita waite wote nyumbani, muione Hatari! Naam, jina ni la Kiswahili na liliandikwa hivyo hivyo duniani kote. Hawks aliipiga Tanganyika kabla ya Uhuru wa Desemba 1961, ikatoka mwaka 1962. Wayne ni Sean Mercer, kiongozi wa kundi linalokamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za wanyama. Hadithi yenyewe ni nyepesi na ndefu, zaidi ya saa mbili na nusu, kwa hiyo usione aibu kupeleka mbele sehemu za mapenzi.

Usichopeleka mbele ni mbio. Wayne anakaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, juu ya tairi, ameshika mti wenye kitanzi, na faru anakimbia pembeni yake. Waigizaji walishiriki wenyewe kukamata wanyama wa kweli. Vumbi lile ni la kwetu. Ukiwa mtu wa Arusha, tafuta Mlima Meru nyuma ya picha, na pale tembo wanapoingia mjini wapime wazee wako: nani anautambua mtaa gani? Mwigizaji mwenzake, Mjerumani Hardy Krüger, aliipenda Momella kiasi cha kununua shamba huko na kukaa miaka kadhaa. Wakati huo huo uangalie wazungu wanavyopewa majina na maneno, na Waafrika wanavyobaki nyuma. Hilo nalo ni la kujadili mezani.

Hupendi bunduki kabisa? Badilisha wiki moja, weka The Quiet Man ya 1952. Iko Ireland, ina mapenzi, kijani kibichi na Maureen O'Hara, mwanamke ambaye Wayne hakuwahi kumtisha. Na ukikutana na The Conqueror, ambamo anamwigiza Genghis Khan, ipite.

Wiki ya saba, True Grit ya 1969. Hii ndiyo iliyompa Oscar. Rooster Cogburn ni mnene, mlevi, ana jicho moja, na binti wa miaka 14 anamkodi amsake muuaji wa baba yake. Subiri pale anapoing'ata hatamu kwa meno na kuwaendea watu wanne, silaha mikono yote miwili. Ukipata nafasi, baadaye tazama toleo la 2010 la ndugu wa Coen lenye Jeff Bridges. Ni bora kama filamu, lakini Rooster wa Wayne ana furaha zaidi.

Ya mwisho ni The Shootist, ya 1976, na naomba usiitangulize. Inafungua kwa vipande vya filamu zake za zamani, vikitumika kama ujana wa mhusika wake. Ukiwa umepitia wiki saba, utamtambua Dunson wa Red River akipita. Kisha mhusika huyo, sasa mzee Books, anaingia, mwaka 1901, na daktari anamwambia ana saratani. Daktari ni James Stewart yule yule. Wayne mwenyewe alikuwa ameondolewa pafu la kushoto mwaka 1964 kwa ugonjwa huo huo. Hakuigiza filamu nyingine tena. Alifariki tarehe 11 Juni 1979, kwa saratani ya tumbo.

Mambo mawili ya ufundi kabla hujaanza. Weka maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni kizuri, kwa sababu wahusika wa zamani humeza maneno. Na hakikisha picha haijakatwa pande. Ukiona nusu ya mtu pembeni mwa skrini, tafuta nakala nyingine. Kama ratiba itakubana na nafasi ni ya filamu moja tu, chagua The Searchers, kwenye skrini kubwa kuliko zote utakazoweza kupata.