Kutendua si Kurudisha: Kauli Moja ya Kibantu na Mpango wa Kurudi Nyuma kwenye Seva ya Saraka

1. Tatizo

Seva ya saraka ni kompyuta inayotunza daftari la mtandao: majina ya watumiaji, nywila zao, vikundi vyao na ruhusa zao. Mtu akiandika jina lake kwenye kompyuta yoyote ya ofisi au chuo, seva hii ndiyo inayojibu kama anajulikana. Ikinyamaza, watu wengi wanaweza kushindwa kuingia, hata kama mashine nyingine zote ni nzima. Kwa hiyo anayetaka kuipandisha toleo hujiuliza kwanza: mambo yakiharibika, tutarudije tulipokuwa?

Ninaliangalia swali hilo kama mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, si kama fundi. Hoja yangu ni kwamba kitenzi kurudisha, kinavyotumika katika kazi hiyo, kinaficha vitendo vitatu tofauti, na sarufi ya Kiswahili inatusaidia kuvitenganisha.

2. Mfano kutoka Karavia

Karavia, hapa Lubumbashi, niliwasikiliza mafundi wawili wakiandaa kazi ya namna hii katika ofisi moja. Walichanganya Kiswahili chetu na Kifaransa, kama ilivyo kawaida. Mmoja alisema: “Kama inakatala, tutarudisha tu.” Mwenzake akauliza: “Tutarudisha nini?”

Swali hilo lina uzito. Kurudisha ni rudi pamoja na kiambishi cha kusababisha: kufanya kitu kirudi. Kitenzi hakisemi ni kitu gani, wala kinarudi kwa njia gani. Je, ni mipangilio, ni data, au ni toleo la programu? Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo tunalolijua vizuri mjini hapa, swali hilo halisubiri.

3. Kauli ya kutendua

Kiswahili kina kiambishi kingine cha kurudi nyuma: -ua, au -oa baada ya o. Funga huzaa fungua, kunja huzaa kunjua, ziba huzaa zibua, tega huzaa tegua, choma huzaa chomoa. Lubumbashi tunasema fungula: l iliyopotea katika Kiswahili sanifu bado tunayo. Kibemba nacho kinayo: -isala ni kufunga mlango, -isula ni kuufungua.

Kauli hii haishiki kila kitenzi. Hupenda vitendo vya kufunga, kufunika, kukunja na kuunganisha, yaani vile ambavyo kitu kinabaki kizima na hali yake tu ndiyo inayobadilika. Hatuna *pikua wala *sagua. Unga wa bukari haurudi kuwa punje; ukitaka punje, utazitoa kwenye gunia uliloliweka kando kabla ya kwenda kinuni.

Tusizidishe. Chukua na nunua zina umbo la -ua bila maana ya kutendua, na andika haina *andikua ingawa maandishi yanafutika. Kauli hii si sheria ya fizikia. Ni kipimo kinachotulazimisha kuuliza: kitendo hiki kina kinyume chake, au hakina?

4. Kipimo juu ya mpango

Tukiandika hatua zote za kupandisha toleo na kuzipima moja moja, zinajigawa katika mafungu matatu.

(a) Hatua zinazotenduka. Kuzuia watu wasibadilishe data wakati wa kazi, kukata mawasiliano na seva wenzake, kubadilisha mpangilio mmoja: hizi ni funga na fungua. Kitenzi chake ni kutendua, na mpango uandike kinyume cha kila hatua kando yake.

(b) Hatua zisizotenduka. Katika Active Directory, aina mpya za taarifa zikishaongezwa kwenye skima hazifutiki, huzimwa tu. OpenLDAP 2.5, iliyotoka 2021, iliondoa hifadhi za zamani za bdb na hdb. Aliyezitumia lazima atoe data yote kama maandishi kwa amri ya slapcat ya toleo la zamani, kisha aipakie katika hifadhi mpya. Hapa tumesaga. Kilichobaki ni kurejesha kutoka nakala iliyotolewa kabla ya kazi, na nakala hiyo haijui nywila iliyobadilishwa baada yake.

(c) Hatua zinazohusu wenzake. Seva za saraka hunakiliana mabadiliko kwa namba za mfuatano. Tuseme seva moja ya Active Directory imefika 500 na wenzake wamepokea yote. Ukiweka juu yake picha ya diski ya zamani, bila njia inayoitambulisha upya, inarudi 400 na kuanza kuhesabu tena. Wenzake wakiona 401 mpya wanaipuuza: wanaamini wanayo tayari. Wakati mwingine hakuna kengele inayolia, lakini daftari limekuwa madaftari mawili. Kitenzi sahihi hapa ni kujenga upya: iondoe seva hiyo, kisha uijaze kutoka kwa mwenzake aliye mzima.

5. Hitimisho

Kompyuta zinazosema Kiswahili huandika Tendua kwenye kitufe cha kurudi nyuma, nasi tumezoea kuamini kwamba kila kosa lina kitufe hicho. Kwenye seva ya saraka, mstari wa mwisho wa kutendua huvukwa pale mtumiaji wa kwanza anapoandika jambo jipya kwenye toleo jipya. Mpango mzuri unautaja mstari huo kwa saa, na unamtaja mwenye mamlaka ya kuamua kabla haujavukwa.

Kwa hiyo napendekeza istilahi tatu badala ya moja: kutendua, kurejesha, kujenga upya. Kurudisha tukiachie mazungumzo.

Zoezi: Chukua vitenzi kumi vya kazi za mikono katika lugha ya nyumbani kwako. Onyesha vipi vinakubali kauli ya kutendua na vipi vinakataa. Kwa vinavyokataa, eleza wasemaji hufanya nini wanapotaka kurudi nyuma.